Kinasa sauti cha bei ndogo: namna ya kukamata konseri zetu bila kumaliza franga zote

Kuna swali moja ambalo linanijia karibu kila juma, kwa simu ao pale kwenye mlango wa redio: "Yaya, ninunue mashine gani ya kukamata konseri?" Juma hili limeulizwa na kiongozi wa kwaya moja ya Katuba, na kijana mmoja wa Kenya mwenye kundi la magitaa, na mama mmoja wa Bukavu anayekaa kwa shemeji yake kule Ruashi. Redioni dakika tatu hazitoshi kujibu, ndiyo maana naandika.

Jibu langu fupi ni hili. Usitafute mashine ya bei kubwa. Tafuta ile inayostahimili kelele, inayofanya kazi hata SNEL ikikata umeme, na ambayo itakuwa mali yenu, si ya kuazima. Mashine ndogo iliyo ndani ya mfuko wako siku ya konseri inapita mashine kubwa iliyo dukani ao kwa rafiki aliyesafiri. Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo.

Mwaka uliopita nilitembelea familia moja iliyotoka upande wa Pweto. Babu wa familia ile alikuwa mpigaji wa kisanji, kile ambacho wengine wanakiita likembe. Alikuwa anapiga katika matanga, katika ndoa, na mara moja alipiga katika konseri ya vijana wa mtaa, mbele ya watu wengi. Mimi nilifika miezi miwili baada ya mazishi yake. Watoto waliniomba niwasaidie kusafisha sauti ya konseri ile, kwa sababu ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Waliniletea simu. Nikasikiliza kwa kaske mara tatu. Jirani aliyekamata alisimama karibu na mabafle, na alichopata ni mngurumo wa besi, watu wakishangilia, na sauti iliyopasuka. Kisanji hakisikiki. Sauti ya mzee inasikika kidogo, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha kitu ambacho hakikuingia ndani ya mashine. Ilinibidi kuwaambia hivyo watoto wake, na kijana mdogo akaniuliza: "Papa, hata kidogo tu?" Hata kidogo.

Nyimbo za mzee yule hazikuandikwa popote. Kijiji alichojifunzia kilihama. Kwa watu waliofukuzwa makwao, konseri moja si burudani peke yake. Pengine ni mara ya mwisho wimbo ule kuimbwa na mtu anayeujua wote. Ndiyo maana swali la mashine si swali la vijana wapenda vyombo.

Sisi watu wa Katanga tunajua vizuri faida ya sauti iliyokamatwa. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi yake Afrika Kusini, alipita Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Pale alimkuta kijana mpiga gitaa, mzaliwa wa Bunkeya, Mwenda Jean-Bosco, na akakamata wimbo wake "Masanga". Mwenda alikufa mwaka 1990, lakini mpaka leo kuna wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaofuata vidole vyake katika diski ile. Wakati ule kazi hii ilitaka gari, mashine nzito ya ukanda, na jenereta ya kuwekwa mbali ili mngurumo wake usiingie. Kanda za Tracey zinatunzwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Simlaumu, bila yeye tungepoteza mengi. Lakini mjukuu wa mwimbaji wa Likasi akitaka kusikia kanda yenyewe, safari ni ndefu. Leo mashine inaingia ndani ya mfuko wa shati. Hatuna tena sababu ya kungoja mgeni mwenye gari.

Basi tuanze na kelele, kwa sababu ndiyo inayoharibu kazi nyingi.

Mtu akiongea kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwake, sauti yake ni kama desibeli 60. Ukisimama karibu na mabafle ya konseri, ao mbele ya ngoma zinazopigwa kwa nguvu, unapita desibeli 100, pengine na 110. Simu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Kelele ikizidi, simu yenyewe inapunguza sauti, halafu inapandisha tena watu wakinyamaza, halafu inapunguza tena. Ndiyo maana ukisikiliza unahisi muziki unapumua kama mtu mwenye pumu. Vinasa sauti vidogo vina mikro zinazovumilia zaidi, na vinakuruhusu kuzima ule upimaji wa wenyewe na kupima kwa mkono wako.

Vidogo ninavyovifahamu kwa kazi ni viwili. Kimoja ni Zoom H1n, cha kampuni ya Kijapani. Kina mikro mbili zilizopishana juu, moja inaelekea kushoto na nyingine kulia, na watengenezaji wanasema kinavumilia mpaka desibeli 120. Kinatumia pile mbili ndogo, zile za AAA, na kinafanya kazi kama masaa 10. Cha pili ni Tascam DR-05X. Mikro zake zinasikia pande zote, kwa hiyo kinakamata vizuri kundi lililokaa duara, lakini kinakamata pia watoto wanaolia nyuma yako. Kinatumia pile mbili za AA, zile kubwa kidogo zinazopatikana hata kwenye vibanda vya barabarani, na pile nzuri zinakifikisha zaidi ya masaa 15. Kwa mtu anayekaa mahali ambapo umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka asubuhi, jambo hili la pile si dogo. Mimi kwa konseri za mitaani nachagua Tascam kwa ajili ya pile. Kwa kwaya iliyosimama mbele yangu kanisani nachagua Zoom.

Kuanzia mwaka 2024 kuna pia Zoom H1essential. Hiyo inaandika sauti kwa namna mpya, biti 32, hata huna haja ya kupima sauti kabla ya kuanza. Unaweza kuipunguza baadaye ndani ya kompyuta bila kuiharibu. Inafaa sana kwa mtu asiyekuwa na uzoefu. Lakini mjue mambo mawili: mikro zenyewe bado zina mwisho wao, kwa hiyo usiiweke mdomoni mwa bafle, na unahitaji kompyuta yenye programu inayofungua faili hizo, kwa mfano Audacity, ambayo ni ya bure.

Bei? Huko Ulaya na Marekani hizi ndogo zinauzwa karibu na dola 100, chini kidogo ao juu kidogo. Zikifika hapa kwa njia ya Kasumbalesa, ao ndani ya mizigo ya wanaokwenda Dubai, bei inapanda kadiri ya muuzaji na kadiri ya uso wako. Ulizeni kwenye maduka matatu kabla ya kutoa franga. Kuna zile kubwa zaidi, kama Zoom H4n Pro, zenye matundu ya kuingizia mikro nyingine na waya za sono, na bei yake inapita dola 200. Mnunue hiyo kama kundi lenu linapiga kila juma na mna mtu anayejua kuitumia. Kama sivyo, mtalipia matundu ambayo hayatatumika.

Wengine wananiambia: "Sisi tutachukua sauti moja kwa moja kwenye meza ya sono, itakuwa safi." Ni kweli itakuwa safi, lakini mara nyingi haitakuwa kamili. Katika makanisa na mabaa yetu mengi, ngoma hazina mikro, na kwaya ya watu 30 ina mikro mbili tu. Meza inapata waimbaji wawili na kinanda; wengine wote wako hewani. Utapata wimbo bila ngoma na bila watu. Kinasa sauti kilichosimama ndani ya chumba kinasikia kile ambacho masikio yenu yalisikia.

Na mtu ambaye hana dola 100? Asikate tamaa. Simu ileile inaweza kufanya kazi nzuri zaidi ukiitendea vizuri. Iweke katika hali ya ndege, ili simu isiingie katikati ya wimbo. Tumia programu ya kunasa inayokuruhusu kuzima upimaji wa wenyewe na kuchagua WAV. Usiishike mkononi, iweke juu ya kitu, kitambaa chini yake. Na uende mbali na mabafle. Kijana yule aliyemkamata mzee wa kisanji, kama angekaa mita moja kutoka kwenye magoti ya mzee, kabla ya konseri kuanza, na simu yake ileile, leo familia ingekuwa na kitu.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo halinunuliwi: mahali pa kuweka mashine. Katika nafasi ya wazi, kila mara unapozidisha umbali mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Kutoka mita 2 kwenda mita 4, umepoteza 6. Kwenda mita 8, umepoteza 12. Lakini kelele za watu walio karibu nawe hazipungui. Ndani ya kanisa lenye mabati na kuta za matofali matupu, ukikaa nyuma, unakamata mwangwi kuliko maneno. Mimi naweka kinasa sauti juu ya kijiti chenye miguu mitatu, mita 2 ao 3 mbele ya kwaya, juu kidogo ya vichwa, na mabafle yakiwa pembeni ama nyuma ya mikro, si mbele yake. Halafu naomba waimbe sehemu ile ya wimbo yenye nguvu zaidi. Napima mpaka mstari unafika kwenye 12 chini ya sufuri, hauvuki. Siku ya konseri watu huimba kwa nguvu kuliko siku ya majaribio, na nafasi ile iliyobaki ndiyo inayookoa kazi.

Msisahau majira yetu. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hakuna mvua, lakini kuna upepo na vumbi jekundu. Sponji ya kufunika mikro ni lazima, na mfuko wa plastiki wa kufungia mashine njiani. Wakati wa mvua, mabati yanapiga ngoma kuliko wapiga ngoma. Kama konseri ni ya maana sana na mnaweza kuchagua tarehe, chagueni kiangazi.

Sasa kadi na pile, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa. Kadi nyingi za sokoni zimeandikwa ukubwa ambao hazina. Kabla ya konseri, ijaze kadi yote kwa faili za kompyuta, halafu uzifungue tena; kama zingine hazifunguki, kadi ni ya uongo. Hesabu yenyewe si ngumu. Ukinasa WAV ya biti 24 na kilohezi 48, saa moja ya stereo inachukua kama gigabaiti moja. Kadi nzuri ya gigabaiti 32 inatosha masaa kama 30. Kwa hiyo hakuna haja ya kunasa kwa MP3 ili kuokoa nafasi. MP3 mtatengeneza baadaye, ya kutumiana. Kuhusu pile, weka mpya siku ya kazi, na mbili zingine mfukoni. Powerbank pia inasaidia, lakini ijaribu nyumbani kwa saa nzima, maana baadhi zinajizima zenyewe zikiona mashine inakula umeme kidogo.

Mukiwa dukani, musitoke kabla ya kufanya haya: kunasa dakika 5, kusikiliza kwa kaske kushoto na kulia, kuzima na kuwasha, kutoa kadi na kuisoma kwenye kompyuta, na kuangalia kama mlango wa pile una kutu. Muuzaji akikataa, mrudishieni mashine yake kwa heshima.

Kuna jambo la mwisho, na kwa ndugu zetu waliohama ni la kwanza. Tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, tuna hapa familia ambazo nusu yao imebaki kule. Nilikamata kwaya ya wamama kule Ruashi, ndani ya ua wa parokia. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Mashi. Kabla ya kuanza, mama mmoja alinivuta pembeni. "Papa, sauti yangu uikamate, lakini jina langu usilitaje. Bwana yangu bado iko kule." Mwingine, mzee kuliko wote, aliniuliza kitu kingine kabisa: "Hii itafika kwa binti yangu Bukavu?" Wamama wawili, kwaya moja, mahitaji mawili. Mikro haiwezi kuyatofautisha. Ni kazi ya mtu anayeishika.

Kwa hiyo ulizeni kabla ya kubonyeza kile kitufe chekundu. Nani atasikia? Jina liandikwe ao lisiandikwe? Itawekwa redioni, ao itabaki kwenye familia? Mtu akikubali leo, ana haki ya kukataa kesho. Na kila aliyeimba apewe nakala yake kabla mtu mwingine yeyote hajapewa. Kwaya ile niliwapa nakala siku ya pili, kwa kadi ndogo na kwa simu. Yule mama ambaye jina lake silitaji alisikiliza wimbo wote bila kusema neno, halafu akaomba ule wa Mashi urudishwe mwanzo. Mama mzee alimtumia binti yake wimbo uleule. Jibu la binti lilikuja usiku, sauti ya sekunde chache: alikuwa anaimba kiitikio.

Mkituma kwa WhatsApp, tumeni faili kama hati, si kama ujumbe wa sauti wa kawaida, ili isibanwe na kuharibika. Wimbo wa dakika 4 kwa MP3 nzuri ya kilobiti 192 ni kama megabaiti 6 tu. Hata mwenye mega kidogo ataupokea. Ile WAV ya asili msiifute. Wekeni nakala tatu: moja ndani ya kompyuta ao diski, moja kwenye kadi iliyofungwa na kuandikwa tarehe, na ya tatu kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Anayekimbia hachagui atabeba nini. Nakala iliyo mji mwingine haikimbii naye, lakini inamngoja. Na kabla hamjasahau, semeni ndani ya kinasa sauti chenyewe, mwanzoni: leo ni tarehe gani, tuko wapi, wimbo unaitwaje, umetoka wapi. Karatasi zinapotea, majina ya faili yanabadilishwa. Sauti inayosema tarehe yake haipotezi njia.

Kwa kiongozi wa kwaya ya Katuba, hesabu yako ni rahisi: mko 25, na kila mmoja akitoa dola 4 mna dola 100. Anzeni na kidogo, DR-05X ao H1n, na kijiti cha miguu mitatu hata cha kuchonga kwa fundi wa mbao. Kwa kijana wa Kenya: ngoja kwanza, jifunze na simu yako miezi miwili, halafu ununue. Kwa mama wa Bukavu: usinunue kitu. Njoo Jumamosi na wenzako pale redioni, tupange siku. Na kama kati yenu kuna mzee anayejua nyimbo ambazo wengine hawazijui, tuanze naye, juma hili hili.